Upana wa njia ya omu 50 unatoka wapi

Chukua bodi ya saketi ya tabaka mbili za shaba yenye unene wa 1.6 mm, ile ya bei ya chini kuliko zote unayoagiza kutoka Shenzhen. Juu yake kuna chipu ya redio ya 2.4 GHz. Kutoka kwenye mguu wake wa antena hadi kwenye konekta imechorwa njia ya shaba yenye upana wa 0.3 mm na urefu wa 18 mm. Upana huo haukuchaguliwa na mtu. Programu ya kuchorea ilikuja nao. Kwenye bodi hiyo, njia ya 0.3 mm ina impidansi (uwiano wa volti na mkondo wa wimbi linalosafiri) ya karibu omu 125, au 125 Ω, na urefu wa 18 mm kwa masafa hayo ni robo ya wimbi. Njia ya robo wimbi ina tabia yake: hugeuza mzigo ulioko mwisho. Antena ni 50 Ω, lakini chipu inaiona kama 125 × 125 ÷ 50, yaani zaidi ya 310 Ω. Nusu ya nguvu inayotoka kwenye chipu, na kidogo zaidi, inarudi ilikotoka.

Hakuna kitakachoungua. Redio itawaka na itaunganika ukiwa nayo chumba kimoja, na hapo ndipo watu wanapopotea, maana kifaa kinafanya kazi mezani halafu kinashindwa kikifungwa juu ya nguzo. Lawama zinaenda kwa antena, kisha kwa programu, kisha kwa betri.

Sasa fupisha njia ileile ibaki 3 mm, na usiguse upana. Nguvu inayorudi inashuka hadi asilimia 7 hivi. Upana ni mbovu vilevile, ila wimbi halikupata nafasi ya kuuona. Kwa hiyo kabla ya kufungua kikokotoo chochote, pima kwanza urefu. Kwenye FR-4, yaani kihami cha kioo na gundi cha bodi za kawaida, mawimbi husafiri juu ya bodi kwa karibu mm 166 kwa kila nanosekunde, na kwa 2.45 GHz wimbi zima lina urefu wa mm 68 hivi. Njia iliyo fupi kuliko sehemu moja ya ishirini ya hapo, yaani kama 3.4 mm, haina haja ya hesabu. Kwa 868 MHz wimbi lina mm 191, kwa hiyo hata 9 mm unaweza kuipuuza. Kwa ishara za dijitali angalia muda wa kupanda wa ukingo (ishara ikitoka 0 kwenda 1), wala usiangalie masafa ya saa: ukingo unaopanda kwa nanosekunde 1 una urefu wa mm 166 juu ya bodi, na njia inayozidi sehemu moja ya sita ya hapo, karibu mm 28, ndiyo inayoanza kustahili hesabu. Kidhibiti cha bei nafuu kinachotuma data kwa 10 MHz kinaweza kuwa na kingo kali kuliko unavyodhani.

Ukiweka mita ya kawaida kwenye ncha mbili za njia ya antena utasoma sehemu ndogo ya omu moja, na mita haijakosea. Huo ni ukinzani wa shaba. 50 Ω inayozungumzwa hapa ni uwiano wa volti na mkondo wa wimbi likiwa safarini, kabla halijajua kule mwisho kuna nini. Uwiano huo unatokana na vitu viwili tu: indaktansi ya kila milimita ya njia na kapasitansi yake hadi kwenye bapa la ardhi, yaani shaba pana ya ardhi iliyo chini. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, toa kipeuo cha pili, umepata impidansi. Tanua njia, kapasitansi inaongezeka na indaktansi inapungua, impidansi inashuka. Isogeze mbali na ardhi, inapanda. Urefu wa njia haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Umo kwenye swali la iwapo hesabu ina umuhimu.

Kinachotawala basi ni uwiano wa upana w na kimo h, yaani umbali kutoka chini ya njia hadi kwenye bapa la ardhi. Kwa FR-4 ya kawaida, njia iliyo juu ya bodi hufikia 50 Ω upana ukiwa karibu mara 1.9 ya kimo. Bodi ya 1.6 mm yenye tabaka mbili ina kihami cha karibu 1.53 mm ukitoa shaba za pande zote mbili, na njia yake ya 50 Ω ni 2.9 mm, pana mno kuliko mguu wa chipu ya redio. Bodi ya 0.8 mm inataka 1.4 mm hivi. Bodi ya tabaka nne yenye kihami cha juu cha 0.21 mm inataka chini ya 0.4 mm, na hapo ndipo uchoraji unapoanza kuwa wa kibinadamu.

Kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi hii huingia hapa, na hata fomula haijaguswa. Mtu anachukua bodi ya tabaka nne ya 1.6 mm, anagawanya kwa nafasi tatu zilizo kati ya matabaka, anapata 0.53 mm, anaiita kimo. Kikokotoo kinampa upana wa karibu 1 mm, naye anachora. Lakini viwanda havipangi matabaka kwa usawa. Mpangilio ulio wa kawaida sana kwenye bodi za 1.6 mm ni huu: shaba ya nje mikroni 35, pripregi (kihami kinachogandisha matabaka) aina ya 7628 yenye 0.21 mm, shaba ya ndani mikroni 15 hivi, kisha kiini kinene cha karibu 1.07 mm, halafu mambo yaleyale kwa mpangilio wa kurudi. Njia ya 1 mm juu ya kihami cha 0.21 mm ni kama 27 Ω. Hakuna fomula ya kukuokoa hapo.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza kufungua ni ule wa kiwanda unaoonyesha mpangilio wa matabaka. Kikokotoo kinafuata baadaye. Chukua jina kamili la mpangilio, unene wa pripregi, na εr yake, yaani namba ya mara ngapi kihami kinaongeza kapasitansi kuliko hewa. Angalia pia unene huo ni wa kabla ya kukandamizwa au wa baada yake. Pripregi ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi, na kwenye mashine ya joto gundi hiyo huyeyuka na kujaza mianya kati ya shaba za tabaka la ndani. Tabaka la ndani likiwa na shaba nyingi, gundi haina pa kwenda na unene unabaki. Likiwa limetoboka-toboka, kihami kinanyauka. Unayoihitaji ni namba ya baada ya kukandamizwa. Kama kiwanda hakiitoi, waandikie uwaulize. Kiwanda kinachojua kazi yake hujibu swali hilo upesi.

εr nayo si namba ya FR-4 kwa ujumla. Kioo peke yake kina karibu 6 na gundi karibu 3, kwa hiyo kila aina ya kitambaa ina mchanganyiko wake. 7628 ni nene na ina kioo kingi, εr yake iko karibu na 4.4 hadi 4.6. 2116 ni nyembamba zaidi, karibu 0.12 mm, na εr yake ni 4.2 hivi. 1080 ina gundi nyingi na inakaribia 3.9. Datashiti nyingi huandika εr iliyopimwa kwa 1 MHz, na hiyo huwa juu kuliko ile utakayoikuta kwenye GHz. Usitumie 4.7 ya kwenye datashiti kwa kazi ya redio.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa njia iliyo juu ya bodi, ikiwa w ni kubwa kuliko h, fomula ya Hammerstad ya miaka ya 1970 bado inatosha:

εe = (εr + 1)/2 + (εr − 1)/2 × 1/√(1 + 12h/w)

Z₀ = 377 / ( √εe × [ w/h + 1.393 + 0.667 × ln(w/h + 1.444) ] )

εe ni kigezo cha mchanganyiko: sehemu ya wimbi inapita ndani ya kihami na sehemu inapita hewani juu ya njia, kwa hiyo namba inakaa kati ya 1 na εr. Tuifanye kwa mkono mara moja, w ikiwa 0.38 mm, h 0.21 mm, εr 4.4. w/h ni 1.81. 12h/w ni 6.63, ongeza 1 upate 7.63, kipeuo chake 2.76. Gawa 1.7 kwa 2.76 upate 0.616, ongeza 2.7, εe ni 3.316 na kipeuo chake 1.821. Ndani ya mabano: 1.81 + 1.393 + 0.667 × 1.18, jumla 3.99. Mwisho, 377 ÷ (1.821 × 3.99) ni 51.9 Ω.

Fomula hiyo inadhani shaba haina unene. Kwenye bodi ya tabaka mbili dhana hiyo haina madhara, kwa sababu mikroni 35 mbele ya 1.53 mm si kitu. Mbele ya 0.21 mm ni sehemu moja ya sita. Marekebisho ni kuongeza upana kidogo, kwa kuwa mbavu za njia nazo zina kapasitansi:

we = w + (t/π) × (1 + ln(2h/t))

t, yaani unene wa shaba, ikiwa 0.035 mm, upana wa kihesabu unakuwa 0.419 mm. εe nayo inapunguzwa kwa (εr − 1)/4.6 × (t/h)/√(w/h), hapa 0.09. Rudia hesabu: 49.7 Ω.

Halafu kuna fomula ya IPC-2141, ambayo ndiyo imejaa kwenye vikokotoo vya mtandaoni kwa sababu inaingia kwenye mstari mmoja:

Z₀ = 87/√(εr + 1.41) × ln( 5.98h / (0.8w + t) )

Kwa vipimo vilevile inatoa 47.3 Ω. Njia ni moja na bodi ni moja, majibu matatu: 51.9, 49.7, 47.3. Fomula hii ya tatu ilitengenezwa kukadiria njia nyembamba na inazidi kupotoka kadiri w/h inavyokaribia 2, na 50 Ω kwenye FR-4 inaangukia hukohuko. Mimi siitumii kwa 50 Ω, ingawa kwa njia nyembamba za 70 Ω na kuendelea inajitahidi. KiCad, programu ya kuchorea bodi, ina kikokotoo chake ndani, na kinahesabu unene wa shaba. Hicho kinatosha kuliko tovuti tatu zinazobishana.

Hakuna hata moja kati ya fomula hizi iliyohesabu rangi ya kijani. Maski ya lehemu ina εr ya 3.5 hivi na inakaa juu ya njia mahali ambapo fomula iliweka hewa. Kwa njia ya vipimo hivi inashusha impidansi kwa 2 Ω hivi. Ndiyo sababu upana wa kuchora hapa si 0.38 bali 0.35 mm: bila maski utapata 52, maski ikishapakwa unabaki na 50. Ukiona kiwanda kinakupa upana mdogo kuliko kikokotoo chako, mara nyingi tofauti ni hiyo tu.

Ni vizuri pia kujua kila kosa lina uzito gani. Kwa njia ya 0.38 mm tuliyoihesabu, εr ikiwa 4.2 badala ya 4.4, impidansi inapanda kwa 1 Ω. Upana ukipungua kwa mikroni 30, inapanda kwa 2.3 Ω. Kimo kikipungua kwa mikroni 20 tu, inashuka kwa karibu 3 Ω. Watu hubishana jioni nzima kuhusu εr, na ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote. Kimo ndicho bwana, na kimo hakiko mikononi mwako. Upana nao unaliwa na asidi: kiwanda huchonga shaba kutoka juu, kwa hiyo njia huwa na umbo la trapeza, juu nyembamba na chini pana. Kwenye njia ya 0.35 mm huoni, kwenye njia ya 0.1 mm unaona.

Ukilipia huduma ya impidansi iliyodhibitiwa, kiwanda kinakuahidi ±10%, yaani kati ya 45 na 55 Ω. Inasikika kama pengo pana, lakini wimbi likitoka 50 kuingia 55, nguvu inayorudi mpakani ni chini ya asilimia 0.3. Kwa njia moja ya antena usilipie. Tumia mpangilio wa matabaka uliotangazwa, hesabu vizuri, chora, agiza. Pesa hiyo iwekee bodi zenye kumbukumbu za DDR au HDMI, ambako makosa madogo ya njia nyingi yanajumlishana.

Turudi kwenye bodi ya tabaka mbili, maana wengi wetu tunaishi huko. 2.9 mm haiingii kwenye mguu wa chipu wenye 0.25 mm. Suluhisho ni kuleta ardhi pembeni: mwaga shaba ya ardhi pande zote mbili za njia kwenye tabaka la juu, kwa mwanya mdogo, na acha bapa la ardhi la chini libaki zima. Kapasitansi ya pembeni inasaidia ile ya chini, kwa hiyo njia inaweza kuwa nyembamba. Kwenye 1.6 mm, njia ya 1.0 mm yenye mwanya wa 0.2 mm kila upande inatoka karibu 54 Ω kwenye fomula isiyohesabu unene wa shaba. Mbavu za shaba zinazotazamana kwenye mwanya huo mwembamba zinashusha kama 2.7 Ω, maski inamalizia, unafika 50. Hesabu yake ina integrali za duaradufu na si ya kufanya kwa mkono. Kwenye kikokotoo chagua njia ya koplana yenye ardhi chini. Ukichagua ile isiyo na ardhi chini utapewa namba ya bodi nyingine kabisa.

Shaba ya pembeni haiwi ardhi kwa kuchorwa tu. Ifungwe na bapa la chini kwa via, yaani matundu yenye shaba yanayounganisha matabaka: mstari wa via kila upande wa njia, umbali wa 3 mm au pungufu kwa 2.4 GHz, na via ya kwanza iwe jirani kabisa na mguu wa ardhi wa chipu. Shaba isiyofungwa inaelea, na kipande kirefu kinachoelea huwa antena ya pili ambayo hukuiomba. Kingine cha kuangalia: mwanya. Programu nyingi humwaga shaba kwa mwanya uliowekwa kwa bodi nzima, mara nyingi 0.2 au 0.3 au 0.5 mm. Ukihesabu kwa 0.2 na programu ikamwaga kwa 0.5, njia yako ya 1.0 mm inapanda juu sana ya 50. Weka kanuni maalumu kwa neti (muunganisho) ya antena, kisha mwaga upya na upime kwenye skrini.

USB inataka 90 Ω kati ya njia zake mbili za data, D+ na D−, kwa uvumilivu wa ±15%. Njia mbili zinazokaribiana zinaoneana, na impidansi ya jozi inakuwa pungufu ya mara mbili ya njia moja:

Zd = 2 × Z₀ × (1 − 0.48 × e^(−0.96 s/h))

s ni nafasi kati ya njia hizo. Kwenye bodi yetu ya tabaka nne, njia za 0.3 mm zilizoachana 0.2 mm: kila moja peke yake ni 56.3 Ω, kiasi cha mabano ni 0.81, jozi inatoka 91 Ω kabla ya maski. Umefika. Kwa Etherneti na HDMI ambazo zinataka 100 Ω, punguza upana au achanisha kidogo. Na kama chipu yako ni ya USB ya 12 Mb/s na konekta iko sentimita tatu tu kutoka kwake, acha kujisumbua. 480 Mb/s ndiyo inayodai heshima. Uvumilivu wa 15% ni kutoka 76 hadi 103, shabaha pana ambayo mtu huikosa kwa kutokuangalia tu.

Yanayoharibu njia iliyohesabiwa vizuri huwa hayamo kwenye fomula. La kwanza ni bapa la ardhi lililokatwa. Mkondo unaokwenda kwenye njia unarudi kwenye ardhi moja kwa moja chini yake. Ukipitisha waya wa betri kwenye tabaka la chini ukakatiza njia ya antena, mkondo wa kurudi unazunguka mkato huo, na mahali hapo hakuna 50 Ω tena. Kwenye bodi ya tabaka mbili ni rahisi mno kufanya hivi, hasa mwishoni, ukiwa umebakiza neti moja tu.

La pili ni pedi, vipande vya shaba vya kulehemia vipuri. Konekta ya SMA (ya skrubu, kwa kebo za redio) ya ukingoni ina pedi ya kati ya karibu 1.5 mm. Kwenye bodi ya tabaka nne, juu ya kihami cha 0.21 mm, pedi hiyo peke yake ni kama 20 Ω. Umehesabu njia kwa mikroni, kisha umeifungia kapasita mlangoni. Dawa ni kutoboa tabaka la pili chini ya pedi, umbo lilelile na nafasi kidogo pembeni, ili ardhi yake iwe tabaka la tatu lililo 1.3 mm chini. Hapo pedi inapanda hadi sitini na kitu, na shaba ya pembeni inairudisha karibu na 50. Tabaka la tatu liwe na ardhi kweli mahali hapo. Nimeona bodi zenye tundu sahihi juu ya bapa la volti 3.3. Pedi za vipuri vya ukubwa wa 0402 vya kurekebishia antena zina upana wa 0.5 au 0.6 mm na ni fupi, kwa hiyo kwa 2.4 GHz ziache. Za 0603 zinaanza kusumbua, na hiyo ni sababu nzuri ya kutumia 0402 hata kama mkono unatetemeka.

La tatu ni bodi yenyewe kubadilika. Faili lilelile likipelekwa kiwanda kingine, au kiwanda kilekile kikibadilisha 7628 kwa 2116, kimo kinatoka 0.21 hadi 0.12 mm na njia ya 0.35 mm inakuwa karibu 36 Ω. Andika jina la mpangilio kwenye oda na uliandike pia kwenye tabaka la maandishi la bodi, herufi ndogo pembeni.

Unawezaje kujua ulichopata? Maabara kubwa hutumia kifaa cha TDR, kinachotuma ukingo mkali sana na kusoma mwangwi wake, na bei yake si ya kutaja hapa. NanoVNA, kifaa kidogo kinachopima mawimbi yanayorudi, inatosha, ukijua mpaka wake. Ina hali ya TDR, lakini ikifagia hadi 900 MHz haiwezi kutofautisha vitu vilivyo karibu kuliko mm 90 juu ya FR-4. Njia yako ya antena yote inamezwa ndani ya doa moja. Usiitumie kwa hilo.

Fanya hivi badala yake. Pembeni mwa paneli, chora njia mbili za majaribio zenye upana uleule wa njia yako, moja ya mm 100 na nyingine ya mm 50, kila moja ikiwa na SMA upande mmoja na mwisho ulio wazi. Kalibresha NanoVNA mwisho wa kebo kwa wazi, shoti na mzigo. Funga njia ndefu na utafute masafa ya kwanza ambapo kwenye chati ya Smith (mchoro wa impidansi) inaonekana kama shoti: hiyo ni robo wimbi. Tuseme ni 384 MHz. Rudia kwa fupi, tuseme 716 MHz. Kasi ni 4 × 50 ÷ (1/0.384 − 1/0.716), yaani mm 165.6 kwa nanosekunde. Kwa kuwa umetoa moja kwenye nyingine, urefu wa konekta na ukingo wa wazi umejifuta wenyewe. Gawa 299.8 kwa kasi hiyo, zidisha kwa yenyewe: εe ni 3.28.

Kisha funga mwisho wa njia ndefu kwa rezista mbili za 100 Ω za 0603, sambamba hadi ardhini. Mbili ni bora kuliko moja ya 50 kwa sababu indaktansi inagawanyika. Rudi kwenye 384 MHz na usome sehemu halisi ya impidansi. Ikisoma 50, njia ni 50. Ikisoma 58, zidisha kwa 50 na utoe kipeuo: njia ni 53.9 Ω. Weka bodi chini ya hadubini ya USB upime upana. Ukikuta ni 0.35 mm kama ulivyochora, basi kilichosogea ni kimo, na kwa ongezeko la 3.9 Ω kimekuwa karibu 0.24 mm. Toleo lijalo la bodi hiyo lichorwe kwa 0.40 mm, mradi oda inakwenda kiwanda kilekile kwa mpangilio uleule. Ukihama kiwanda, namba 0.24 ifute kwenye faili na uanze tena na ukurasa wao wa matabaka.